Hakuna Mtu Anayekuja Tu

Wapendwa, naanza kwa kuomba radhi. Mfano wa leo nitausimulia vibaya. Nitauharibu mwanzoni, nitauharibu katikati, na mwisho ndio usiseme, maana nikifika mwisho mimi huwa nimechoka na nyinyi mmeshaanza kunusa vyakula vya majirani. Jana jioni nilimwonjesha mke wangu jikoni, alikuwa anachambua mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapeta ungo wake, akasema, "Baba, mfano ni mzuri. Shida ni msimulizi." Kwa hiyo mkiona mahali panachechemea, mjue mfano wenyewe ni mzima. Mguu mbovu ni wangu.

Haya. Kulikuwa na bwana mmoja, muuza makufuli.

Sasa mnacheka nini? Sijasema neno bado! Kuuza makufuli ni kazi halali. Lakini mtu akiuza samaki miaka mingi, si hata akivaa suti ananukia samaki? Huyu alikuwa ananukia mashaka. Mlango wake wa mbele ulikuwa na makufuli matatu. Banda la kuku, lenye kuku mmoja mzee asiyetaga, lilikuwa na kufuli la shaba ambalo hata ukipewa ufunguo wake unatoka jasho. Akialikwa harusini hagusi chakula mpaka aone mwenye harusi amemeza. Ukimwambia, "Habari za asubuhi," hajibu papo hapo. Anakutazama kwanza. Anawaza: huyu habari zangu za asubuhi anazitakia nini?

Siku moja watoto wake wakakaa, wakasema, "Baba na mama wamehangaika sana na sisi, tuwapeleke wakapumzike." Wakawatafutia safari ya kwenda nchi ya mawe mekundu, kule jangwani, wakatembee kwa baiskeli za umeme.

Mmewahi kuziona hizo? Ni baiskeli kama ya kwako tu, ila imebeba betri. Wewe unakanyaga kidogo, yenyewe inamalizia. Mlima unakuwa tambarare. Unajiona kijana kabisa, mpaka utakaposhuka na magoti yakukumbushe umezaliwa lini.

Mama wa watu akafurahi. Akasema, "Baba watoto, wametukumbuka!"

Bwana akasema, "Wametukumbuka, au wanataka tutoke nyumbani?"

"Tutoke ili wafanye nini? Nyumba si ni yetu sote?"

"Ndiyo hapo sasa!"

Mnaishi na mtu wa namna hii? Msinyooshe kidole, jibuni moyoni.

Basi wakafika. Nchi yenyewe, ndugu zangu, ni nchi ambayo mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama kama maharusi wanapita. Miamba myekundu kama matofali yaliyotoka tanuruni sasa hivi, imesimama mirefu, mingine ina matundu katikati unaona mbingu upande wa pili. Chini mchanga mwekundu, hewa yenyewe unadhani imepakwa rangi. Hapo pembeni kulikuwa na kibanda, na mama mmoja mwembamba mwenye baiskeli zake zimepangwa kivulini.

Bwana akatazama huku na huku. "Mwongozaji yuko wapi?"

"Hakuna, baba," akasema yule mama. "Mnajiongoza wenyewe. Mnafuata mawe yaliyopakwa chokaa. Mkiona jiwe jeupe, ndiyo njia. Shemeji yangu atakuja nyuma yenu."

"Nyuma?"

"Nyuma, baba. Huku kwetu mwenyeji hamtangulii mgeni. Ukimtangulia unamlisha vumbi. Ni aibu kubwa hiyo, mtu anaweza kukosa hata mchumba."

"Na akija huko nyuma, anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Anakuja tu. Ana betri za akiba na dumu la maji. Mkifika kwenye mwamba wenye tundu atawabadilishia betri, mtakunywa, mtarudi."

Bwana akamgeukia mkewe, akashusha sauti, sauti ile ya kushusha ambayo hata mbuzi wa jirani anaisikia. "Umemsikia? Anakuja tu. Mama watoto, nimekaa dukani umri wangu wote. Hakuna mtu anayekuja tu."

Yule mama wa kibanda akawaletea chupa za maji za kuongezea njiani. Bwana akaishika moja, akazungusha kifuniko. Kikazunguka bila kulia ile kwa-kwa-kwa ya chupa mpya. Akainusa. Akaitazama kwenye jua kama mtu anayekagua yai. Akairudisha. "Asante. Tunayo yetu." Walikuwa na chupa mbili ndogo, jamani. Mbili ndogo! Jangwani!

Mkewe akasema, "Chukua, bwana, jua hili kali."

Akajibu, "Kuliko kufa kwa maji ya mtu, bora nife kwa kiu yangu mwenyewe."

Sikieni maneno ya binadamu kabla jua halijapanda.

Wakaondoka. Mama mbele, bwana nyuma yake, mawe meupe yanawapokea moja baada ya jingine. Mkewe alikuwa kama mtoto siku ya sikukuu. "Baba watoto, tazama ule mwamba, kama mzee amejifunika blanketi!" Kimya. "Baba watoto, ona pimbi wanaota jua!" Kimya. "Baba watoto!" Anageuka, anamkuta mumewe shingo imegeuka nyuma, baiskeli inakwenda mbele, macho yanarudi nyumbani.

Maana kule nyuma, mbali kidogo, palikuwa na nukta. Nukta ikawa mtu. Mtu amejifunga shuka, juu ya baiskeli iliyobeba mizigo. Wao wakienda polepole, naye anakwenda polepole. Wakisimama, anasimama. Wakaondoka, akaondoka.

"Umemwona?"

"Si ndiye shemeji yake yule mama?"

"Umejuaje ndiye? Kwa shuka? Shuka yeyote anavaa! Mimi nikivaa shuka nakuwa shemeji yake?"

"Basi simama tumngoje, tumuulize."

"Tumngoje!" Bwana akacheka kicheko kisicho na furaha ndani. "Mwizi anangojwa siku hizi?"

Ndugu zangu, nchi nzima ilikuwa imetandikwa mbele ya mtu huyu, na yeye alitazama shuka moja. Angeulizwa jioni, "Umeona nini?" angejibu, "Shuka." Rangi gani? "Ya mashaka." Na sisi, ngoja niulize hapa hapa, ni mema mangapi yametupita mbele ya uso kwa sababu shingo imegeuka nyuma? Sitaki jibu. Naendelea.

Wakafika mahali njia inapogawanyika. Jiwe jeupe liko kulia. Kushoto kuna korongo, mlango wa miamba, kivuli ndani yake.

Bwana akasema, "Kushoto."

"Jiwe liko kulia, baba watoto."

"Na jiwe nani kalipaka chokaa?"

Mama akalitazama tena lile jiwe.

"Si shemeji yake huyo huyo? Anakupangia njia, halafu anakuja nyuma kukuokota. Twende kushoto, tumpoteze. Weka moto wa mwisho kabisa!"

Wakabonyeza, baiskeli zikaruka. Lakini moto wa mwisho unakula betri kama wageni wanavyokula nyama. Mchanga wa korongo ukawa mzito, magurudumu yakazama, betri zikaanza kulia tii, tii, tii. Ya mama ikafa. Ya bwana ikasogea kidogo, ikafa nayo. Na mbele yao, ukuta. Korongo lilikuwa halina upande wa pili. Lilikuwa limefungwa na mwamba mwekundu mrefu, laini, bila hata pa kushika. Yaani bwana wa makufuli amejifungia mwenyewe.

Sasa nisimame kidogo kwa yule wa nyuma. Msidhani alikuwa malaika. Naye alikuwa binadamu mwenye kichwa chake. Aliwaona wageni wanaacha mawe meupe, wanaongeza mwendo, wanaingia korongoni. Naye akajiambia, "Ahaa! Hawa ni wale wa kuficha baiskeli miambani, waje wazichukue usiku kwa lori." Akakanyaga naye. Akafika kwenye mlango wa korongo, akaziba njia kwa baiskeli yake, akapiga kelele.

"Mwizi!"

Bwana kule ndani akaruka. Mwizi anamwita yeye mwizi! Akajaza mapafu. "Mwizi mwenyewe!"

Na miamba ile, wapendwa, haina upendeleo. Ikachukua yote mawili ikayarudisha. Mwizi, mwizi, mwizi. Juu, chini, kushoto, kulia. Pimbi wakaingia mashimoni, kila mmoja anadhani ni yeye aliyetajwa.

"Leta baiskeli zetu!"

"Leta maji!"

"Baiskeli kwanza!"

"Maji kwanza! Mke wangu amezidiwa!"

"Wote husema hivyo!"

Na ilikuwa kweli, jamani. Mama alikuwa amezidiwa. Chupa zile mbili ndogo zilikwisha zamani. Jua likafika utosini, kivuli cha korongo kikawa chembamba kama mkanda, na yeye amekaa kwenye mkanda huo, mgongo kwenye mwamba wa moto. Mwanzo alikuwa anamkaripia mumewe, na mke anayekukaripia ni mzima, mshukuru Mungu. Kisha akawa anaguna. Kisha akanyamaza. Midomo imekauka, jasho limekatika, macho yanafunguka na kujifunga taratibu kama taa yenye mafuta kidogo. Maji yako pale. Anayaona! Dumu la njano, limefungwa kwenye baiskeli, umbali wa kurusha jiwe. Kati yake na maji wamesimama wanaume wawili, kila mmoja ana uhakika mwenzake ni mwizi.

Jua likapita utosini, likaanza kuinama. Nao bado wamesimama!

Hivi wapendwa, nani alikuwa adui mle korongoni? Nionyesheni. Mwizi ni yupi? Mmoja kaja kustarehe, mwingine kaja kuwahudumia, na mtu anakufa katikati.

Mama akajaribu kuinuka aende mwenyewe. Akapiga hatua, akaanguka kifudifudi kwenye mchanga.

Yule wa shuka alipoona vile, habari ya baiskeli ikamtoka kichwani. Akafungua dumu, akaja mbio.

Bwana akainama. Akaokota jiwe. Jiwe jekundu, la kujaa mkono. "Usisogee!"

Yule akasimama. Akaweka dumu mchangani polepole. Akafungua kifuniko, akakinga kiganja, akanywa, wamwone. Akarudi nyuma.

Na mnajua bwana wetu alisema nini? Alisema, "Huyo kanywa ya juu juu."

Hata hivyo mama hakungoja kamati. Alitambaa. Akalifikia dumu, akalikumbatia kama mtoto, akanywa, akapumua, akanywa. Mumewe kasimama na jiwe lake anamtazama. Anamtazama namna gani? Namna unavyomtazama panya uliyemtegea sumu. Alipoona mkewe hafi, naye akasogea, akanywa.

Wanaume wa hapa, mke wako ndiye wa kuonja? Haya, tupite, naona viti vinalia.

Yule wa shuka akasema, kwa upole sasa, "Baba, samahani. Niliwadhania vibaya. Betri ziko kwenye baiskeli yangu pale mlangoni, kwenye mchanga huu hazitasaidia. Mama tumkalishe kwenye hii moja, tumsukume mpaka nje, nibadilishe, awahi kibandani. Jua hili limemwingia. Asipotoka humu mapema sijui itakuwaje."

Akaja, safari hii bila kuzuiwa, akamwinua mama, akamkalisha kwenye kiti cha baiskeli, akaushika usukani. Kisha akasimama pembeni akainamisha kichwa. "Tafadhali. Tangulia, baba."

Bwana akasema, "Tangulia wewe."

"Siwezi, baba. Wewe ni mgeni wangu."

"Na mimi siwezi kutembea na mtu mgongoni."

"Nitakulisha vumbi."

"Nilishe!"

"Ni aibu, baba."

"Nimesema tangulia!"

Njia ya korongo ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Huwezi kwenda bega kwa bega, ungekwangua mwamba. Kwa hiyo mmoja lazima awe mbele, na wote wawili wanataka nyuma! Mmoja kwa adabu, mwingine kwa woga. Wakabishana. Mama kalalia usukani, kichwa kinayumba. Ndipo akapata sauti, ndogo, imekauka. Akasema, "Nyinyi wanaume. Huyu ataniua kwa heshima, na wewe utaniua kwa akili."

Yule wa shuka alilelewa hivyo, na baba yake alilelewa hivyo; kumpa mgeni mgongo, kwao, ni kama wewe uwapokee wakwe zako umevaa taulo. Akavuta shuka, akajifunika nusu ya uso, kama mtu anayepita mahali asipotaka kutambuliwa. Akatangulia.

Akawa anasukuma baiskeli na mama wa watu juu yake. Nyuma yake bwana, na jiwe mkononi. Hakuliacha. Mkono ameuinua usawa wa bega, tayari. Yule wa mbele alikuwa anatembea kwa namna ya ajabu: ananyanyua mguu na kuushusha taratibu, kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Bwana akashuku. "Mbona anatembea hivi? Anasikiliza nini huyu? Wenzake?" Ilimchukua muda kuelewa. Alikuwa anashusha mguu taratibu ili asitimue vumbi. Mtu ameshikiwa jiwe kisogoni, na shida yake ni vumbi lisimfikie mwenye jiwe.

Korongo likawa refu kuliko walivyoliingia. Kisogo kile kiko pale mbele, jasho linakichuruzikia, hakina kofia, hakina chochote. Na hakikugeuka. Gurudumu lilipozama mchangani, hakikugeuka. Kijiwe kilipoporomoka juu na bwana akashtuka akapiga kelele, hakikugeuka.

Wakatoka nje, upepo ukawapiga. Yule akamkalisha mama chini ya mwamba, akamwagia maji kichwani na shingoni, akamfunika shuka lake mwenyewe. Rangi ikaanza kumrudia mama. Akaomba maji tena, akamwambia mumewe, "Na wewe shati lako umechomekea vibaya." Hapo akajua mkewe amepona.

Yule mtu ameshairudia baiskeli ya pili korongoni, sasa amepiga magoti, anabadilisha betri, bado amempa mgongo. Bwana akamsimamia. Akakohoa.

"Bwana."

"Naam, baba."

"Ulijua kwamba nina jiwe?"

"Nilijua."

"Uliniona nikiliokota?"

"Hata njiani, baba. Jua lilikuwa nyuma yetu. Kivuli chako kilinipita, kikalala mbele yangu. Mkono wako nilikuwa naukanyaga njia nzima."

Bwana akautazama mkono wake. "Sasa mbona hukugeuka hata mara moja?"

Yule akakaza betri, akapangusa mikono. Akasema, "Ningegeuka, ungerusha."

Ningegeuka, ungerusha.

Bwana akataka kuliangusha lile jiwe. Vidole vikakataa. Vilikuwa vimekaza kwa muda mrefu mno, vimeganda kwenye jiwe kama vya maiti. Akautikisa mkono; jiwe liko palepale. Akajaribu kwa mkono wa pili, akashindwa. Ikabidi mkewe, yule yule aliyekuwa nusura afe kwa ajili ya jiwe lile, amsogelee, amshike kiganja, amfungue kidole kimoja kimoja. Kidole gumba ndicho kilikuwa cha mwisho. Jiwe likaanguka. Na yule mtu wa nyuma, wa mbele, sijui tumwiteje sasa, akawaambia, "Tangulieni. Nakuja."

Wakatangulia. Bwana hakutazama nyuma. Shingo ilimuwasha, sitawadanganya, ilimuwasha njia nzima mpaka kibandani. Lakini hakutazama.

Sasa sisi.

Sisi tuliokaa hapa tumependeza, mikononi tumeshika nini? Tunapiga magoti kuomba msaada, msaada ukija tunauliza kitambulisho. Jirani akileta bakuli la maharage tunafikiri: kuna kitu anataka. Asipoleta, tunafikiri: unaona alivyo na roho mbaya? Mtu akitusalimia sana, ana shida. Akitusalimia kidogo, ana dharau. Familia mpya ikihamia mtaani, kabla hawajashusha godoro tumeshajua walifukuzwa wapi na kwa kosa gani. Mwenzetu akikaa nyuma kanisani, anatuchunguza. Akikaa mbele, anajionyesha. Akae wapi, jamani? Akae juu ya paa?

Sisemi mlale milango wazi. Wezi wapo, na muuza makufuli naye ale. Kufuli la mlango ni jema: unalifunga, unaenda kulala. Lakini jiwe la mkononi halina usingizi. Ukilishika unakesha nalo. Unakula nalo. Unamshika nalo mtoto wako kichwani, na unadhani unambariki.

Na wako wanaotujua. Usidhani hawajui. Mkeo anajua. Mkweo anajua. Yule dada unayeimba naye kwaya ukimpiga jicho la pembeni, anajua. Kivuli cha mkono wetu kinawapita, wanakiona mbele yao njia nzima, na hawageuki. Kwa nini hawageuki? Wanaogopa? Hapana. Wanatupa nafasi. Wanasema moyoni: nikigeuka, atarusha, nisipogeuka, huenda akachoka. Ni wangapi wametuvumilia namna hiyo, tukadhani ni wajinga?

Na hatuwezi kujifungua wenyewe. Vidole vimeganda. Tukijaribu peke yetu tutatikisa mkono mpaka kesho. Lazima aje mtu tuliyemuumiza, atushike kiganja. Sasa wewe unamruhusu? Au utauliza anataka nini na kiganja chako?

Basi tusimame, tumwombe Mungu. Leo tunaomba kwa viganja wazi. Kila mtu afungue mikono yote miwili, afumbe macho, asimwangalie mwenzake. Tuko nyumbani, hakuna wa kumwibia mtu hapa. Macho yote yafumbwe. Baba uliye mwema…

Nimesema yote. Mama Atupele wa kwaya, nakuona. Mzee Kilasi, kufumba moja na kubakiza jingine si kufumba, hiyo ni kulenga shabaha. Kijana wa shati la kijani pale karibu na dirisha, mkoba wa mama upo, hauendi popote, fumba. Na wewe dada, usicheke, fumba.

Haya. Vizuri. Sasa yote yamefumbwa.

Naomba tu, tukimaliza, asitokee mtu akaniuliza nimewaonaje. Mmoja tu humu ndani hajafumba macho tangu tuanze kuomba, na ndiye aliyeshika kipaza sauti.